Kupeana albamu Mwanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tuko wachache tunaokutana Kirumba Jumapili jioni, kila mtu na albamu moja ya kumsikilizisha mwenzake. Wageni huuliza yale yale, na wenyeji wanayajibu kila mmoja kivyake. Haya hapa majibu, ili Jumapili ibaki ya muziki. Maswali yana namba kwa sababu baadhi ya majibu yanategemeana.

## Mambo ya mwanzo

1. Mnaposema albamu mnamaanisha nini hasa?

Ni nyimbo ambazo msanii mwenyewe ameamua zikae pamoja, na zikae kwa mpangilio huo. Hilo la mpangilio ndilo linalotenganisha albamu na nyimbo mia mbili ulizojaziwa kwenye flashi kule mjini. Santuri ndefu ya mizunguko 33 na ushee kwa dakika ilipoingia sokoni Marekani mwaka 1948, kila upande ulibeba dakika kama 20 hivi. Wanamuziki wakajifunza kupanga: kipi kifungue, kipi kifunge upande wa kwanza, kipi kimfanye mtu ainuke kwenda kugeuza. Kaseti ikairithi tabia hiyo kwa upande A na upande B. CD na simu zimefuta pande, lakini msanii makini bado anapanga, na ukisikiliza kwa utulivu unaujua upande B ulipoanzia hata kama haupo.

EP ni ndogo yake. I Am Zuchu ya mwaka 2020 ina nyimbo 7, nasi tunaipokea bila ubishi.

2. Mbona kuna mtu aliniambia Mbaraka Mwinshehe "hana albamu"?

Hakumshusha. Bendi zetu za dansi za miaka ya 60 na 70 zilirekodi Radio Tanzania, kanda zikabaki pale pale redioni, na nyingi ya nyimbo zilizofika madukani zilikuja kwenye santuri ndogo, wimbo huku na wimbo huku. Wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili: mwimbaji anamaliza mashairi, unageuza, magitaa yanaendelea. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kinachouzwa leo kama albamu ya Mbaraka, aliyefariki Januari 1979, kimekusanywa na watu wengine. Ndivyo ilivyo pia kwa NUTA Jazz na wengi wa wakati wao.

Unaruhusiwa kupendekeza mkusanyiko. Sema tu kwamba ni mkusanyiko, usije ukaanza kumfafanulia mtu "nia ya msanii" kwenye mpangilio uliofanywa na mwenye duka.

3. Si rahisi zaidi nimtumie wimbo mmoja?

Ni rahisi zaidi, na kama unataka acheze, tuma. Albamu unampa mtu unayetaka amjue msanii: anavyofurahi, anavyochoka, anavyojirudia, na ule wimbo wa saba ambao redio haikuwahi kuugusa. Kwa kawaida huo wa saba ndio utakaobaki naye.

4. Mimi sijui nota wala historia ya muziki. Naweza kupendekeza?

Unaweza. Tunachohitaji kutoka kwako ni masikio na ukweli. Mama mmoja anayeuza samaki Mwaloni huelezea besi vizuri kuliko vijana wetu wawili wanaopiga gitaa, kwa sababu anasema anachokisikia na wao wanasema wanachokijua.

## Namna ya kupendekeza

5. Nianzeje?

Anza na mtu, usianze na albamu. Kabla hujataja jina lolote, muulize vitu vidogo: asubuhi akioga anaweka nini? Safari ndefu anasikiliza au analala? Kuna wimbo aliwahi kuurudia mpaka nyumbani wakamlalamikia? Majibu hayo yanakuonyesha zaidi ya kumuuliza "unapenda muziki gani?", maana hapo kila mtu anajibu "wowote mzuri".

Ukishamjua kidogo, mpe vitu vitatu: jina la albamu, mahali pa kuingilia, na sababu moja inayomhusu yeye. Mahali pa kuingilia ni wimbo mmoja, au hata kipande cha wimbo. Mfano tunaoupenda ulitoka kwa dereva wa bodaboda aliyekuwa akimpa rafiki yake benga, ule muziki wa magitaa uliotoka kwa Wajaluo: "Usihangaike na maneno mwanzoni. Subiri waimbaji wanyamaze, lile gitaa la solo libaki na besi. Ukiona mguu umeanza wenyewe, rudi mwanzo usikilize yote." Hakumwambia kama albamu ni nzuri. Alimwambia asikie nini na asikie lini, na kwenye benga hapo ndipo penyewe: uimbaji unatangulia, halafu magitaa yanachukua nyumba.

6. Nimeambiwa nisiseme "kali sana". Kwa nini?

Kwa sababu halimwambii mtu kitu. "Kali", "moto", "hatari", "utalia": maneno haya yamepakwa kwenye kila kitu kuanzia wimbo mpaka chipsi mayai. Badala yake taja kitu kimoja kinachosikika. Sauti ya mwimbaji inakwaruza kwenye viitikio. Ngoma zinachelewa kidogo nyuma ya gitaa. Kila wimbo unaanza taratibu. Mtu akisikia hayo anaweza kuamua kama ni chake.

Kujisifu kwamba ulikijua kitu kabla ya wengine nako hakumsaidii msikilizaji. Kunamfanya aone amechelewa sherehe.

7. Nimpe ngapi kwa mara moja?

Moja. Hata kama ameomba kumi. Aliyeomba dagaa wa kuonja humwagii gunia.

8. Ni lazima isikilizwe kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho?

Mara ya kwanza, ndiyo, ukiweza. Na uhakikishe simu haichanganyi nyimbo: ile alama ya mishale miwili inayopishana iwe imezimwa. Kuna mtu alikuja kutulalamikia kuwa albamu "haina mwelekeo" kumbe simu ilikuwa inampigia wimbo wa kumi kwanza.

Mara ya pili na kuendelea ni yako. Ruka utakavyo.

9. Lugha ya albamu hatuielewi. Nimpe tu?

Mpe. Mwaka 2001 Saida Karoli wa Kagera alitoa Maria Salome akiimba Kihaya, na watu wasiojua hata salamu ya Kihaya waliimba naye kutoka Bukoba mpaka pwani. Dansi letu lenyewe limelelewa na Kilingala ambacho wengi wa waliokicheza hawakukijua. Ziwani hapa ukingoja mpaka uelewe lugha zote, Kijaluo, Kisukuma, Kikerewe, Kihaya, Kijita, utasikiliza albamu nne maisha yako yote.

Kinachosaidia ni kumwambia mtu wimbo unahusu nini kwa sentensi moja: huyu anamlilia mama yake, huyu anamsema mpinzani wake wa ngoma. Usimtafsirie mstari kwa mstari wakati wimbo unapigwa. Tafadhali.

10. Nitampendekezeaje mzazi au mkwe?

Kwa kuomba kwanza. Mtu mzima hapokei muziki kutoka kwa kijana kirahisi, lakini akiulizwa juu ya muziki wake anafunguka. Mazungumzo huenda hivi:

"Shikamoo baba."
"Marahaba mwanangu."
"Eti baba, ile kaseti uliyokuwa ukiipiga sana mkiwa vijana, ilikuwa ya nani?"

Hapo kaa chini, maana utaelezwa bendi, ukumbi, suruali iliyovaliwa, na nani alimwoa nani. Isikilize kweli hiyo aliyoitaja. Ukirudi wiki nyingine na neno moja la maana juu yake ("baba, yule mpiga besi yule!"), ndipo unaweza kusema: kuna kijana wa siku hizi anapiga hivyo hivyo, nikuwekee? Kwa mkwe, pitia kwanza swali la 23.

## Albamu za kuanzia

11. Nipeni albamu za huku kwetu ziwani.

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na ndilo tunalolipenda, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo.

Wengi wanashangaa kusikia kwamba mmoja wa wakubwa wa benga alizaliwa Tanzania. Daniel Owino Misiani alizaliwa Shirati, mkoani Mara, mwaka 1940, akavuka kwenda Kenya, na bendi yake ikabeba jina la kwao: Shirati Jazz. Alifariki mwaka 2006. Kwa anayeanza, tafuta Piny Ose Mer au Benga Blast!, zote zilitoka Uingereza mwaka 1989. Besi yake haikai nyuma kuongozana na ngoma kama tulivyozoea, inaongea. Sikiliza kwa chombo kinachotoa besi, la sivyo utapewa nusu ya muziki (tazama swali la 18).

Ukitaka ziwa lililotulia, chukua En Mana Kuoyo ya Ayub Ogada, iliyotoka mwaka 1993. Ni nyatiti, kile kinanda cha nyuzi 8 cha Wajaluo, sauti yake, na vitu vichache pembeni. Mahali pa kuingilia ni wimbo uitwao Kothbiro. Tumeona albamu hii ikimnyamazisha mtu aliyekuja na kelele zake zote, na tumeona pia watu wakisinzia. Mpe mtu wa usiku.

Maria Salome tumeshaitaja. Iwapo unaijua kwa ule wimbo wa karanga tu, hujaijua.

Kwa hip hop, Mwanza ina Fid Q. Propaganda yake ya mwaka 2009 ni ya kusikiliza na kalamu mkononi, kwa sababu vina vyake vinakaa katikati ya mstari ambako hukuvitarajia. Wapo wanaoona ni nzito mno. Hao wapewe nyimbo mbili za kwanza waachwe na simu yao.

Sasa Kisukuma. Hapa tunasema wazi kwamba albamu siyo kipimo sahihi. Muziki wa Kisukuma umekua kwenye mashindano ya ngoma baada ya mavuno, Bagika kwa Bagalu, yale makundi mawili ya wacheza ngoma yanayoshindana, mtunzi akimrushia mpinzani maneno mpaka mmoja akimbiwe na watazamaji. Hauna upande A. Wasanii wa sasa wanaopiga Kisukuma kwa kinanda cha umeme nao hutoa wimbo mmoja mmoja na video yake, na hizo ndizo utakazozisikia kwenye magari ya Magu na Misungwi. Anayetaka kuuelewa aende Bujora, Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma, na kama ni Juni aulizie Bulabo, ile sikukuu ya ngoma za Wasukuma. Halafu akirudi ndipo tumpe nyimbo za kusikiliza.

12. Bongo Fleva nianze wapi?

Machozi, Jasho na Damu ya Professor Jay, 2001. Kisha Binti ya Lady Jaydee na Ugali ya Juma Nature, zote za 2003. Hizo tatu zilitengenezwa wakati kaseti ndiyo iliyokuwa ikimlisha msanii, na inasikika: kulikuwa na sababu ya kuujaza upande B.

Miaka iliyofuata wimbo mmoja mmoja ukatawala, kwa kuwa pesa ilihamia kwenye shoo na miito ya simu, baadaye YouTube. Albamu zimerudi tena: A Boy from Tandale ya Diamond Platnumz mwaka 2018, Afro East ya Harmonize mwaka 2020, Only One King ya Alikiba mwaka 2021. Maoni yetu, na hatutayaficha, ni kwamba nyingi za kipindi hiki ni ndefu kuliko zinavyohitaji na zina kolabo nyingi kuliko zinavyohitaji. Zipendekeze, ila taja nyimbo tano za kubaki nazo.

13. Na Remmy Ongala?

Remmy alizaliwa Kongo, akawa wetu. Songs for the Poor Man ya 1989 na Mambo ya 1992 zilirekodiwa Uingereza akiwa na bendi yake, Super Matimila, zina sauti safi kuliko karibu kila kitu alichorekodi nyumbani. Wazee wetu wanalalamika kwamba ni safi mno, kwamba Remmy wa ukumbini alikuwa na vumbi zaidi. Wana hoja. Hata hivyo kwa mgeni tunaanza na Songs for the Poor Man kila mara, na bado hatujarudishiwa.

14. Kwaya zinahesabika?

Kwa nini zisihesabike? Ingia nyumba kumi Nyakato au Igoma uone kuna nini kwenye deki. Kwaya zilitunza albamu wakati Bongo Fleva imeziacha: nyimbo nane au kumi, jalada, uzinduzi kanisani, mgeni rasmi. AIC Makongoro wa hapa hapa Mwanza wana wasikilizaji mbali sana na ziwa. Unapopendekeza kwaya kwa mtu wa dini nyingine, mwambie mapema ni kwaya, na umpe kwa ajili ya sauti. Akikataa, amekataa.

15. Taarabu je?

Ipo, na ina watu wake ambao hawahitaji msaada wetu. Waulize wao.

## Bando, simu na vyombo

16. Albamu moja inakula MB ngapi?

Hesabu ni rahisi. Sauti ya kiwango cha 128 kbps inakula karibu MB 1 kwa dakika, na ya kiwango cha juu cha 320 inakula MB 2.4. Kwa hiyo albamu ya dakika 45 ni kama MB 43 ikiwa kiwango cha kawaida, na MB 108 ikiwa cha juu. Ukiisikiliza YouTube na picha inacheza, inaweza kuwa mara kadhaa ya hiyo, na picha yenyewe mara nyingi ni jalada tu limesimama.

Pakua mara moja kwenye programu uliyonayo, iwe Boomplay, Audiomack au Spotify (hii ya mwisho ilifika Tanzania mwaka 2021), kisha sikiliza bila intaneti. Wenye bando za usiku wapakue usiku. Kurudia albamu mara tano kwa kuivuta upya kila mara ni kumnunulia soda mwenye mnara.

17. Nikituma kwa WhatsApp nyimbo zinafika zimevurugika. Nifanyeje?

Kama ni rekodi yako mwenyewe, kwaya yenu kwa mfano, itume kama dokumenti, usiitume kama sauti. Jina la faili litabaki. Halafu kabla ya kutuma, weka namba mbele ya kila jina: 01, 02, 03. Ukiandika 1, 2, 3 bila sifuri, redio nyingi za gari na sabufa zitapiga 1, kisha 10, kisha 11, ndipo zifike 2. Hicho ndicho chanzo cha malalamiko mengi ya "mpangilio umebadilika".

Na usimrekodie mtu wimbo kwa kuweka simu mbele ya spika. Anachopata ni kuku wa jirani na wewe ukikohoa.

Kama ni albamu iliyo sokoni, tuma kiungo. Sababu iko swali la 19.

18. Nisikilizie wapi ili niitendee haki?

Spika ya simu haitoi besi. Hilo si suala la bei ya simu, ni udogo wa kispika chenyewe, na benga au dansi bila besi ni maneno matupu. Sabufa nayo inazidisha: ilivyo madukani, besi imefunguliwa mpaka mwisho ili ivutie wapita njia, na mwimbaji anamezwa. Rudisha kitufe cha besi katikati kabla hujamhukumu msanii. Hedifoni za kawaida zenye waya zinashinda vyote viwili kwa bei ndogo.

Kuhusu mahali, daladala haifai, kondakta ana albamu yake. Meli ya usiku ya kwenda Bukoba inafaa kuliko sehemu yoyote tunayoijua, taa zikishapungua na watu wametandika kanga chini. Kivuko cha Busisi nacho kilikuwa kinafaa, kusubiri na kuvuka unamaliza upande mzima. Tangu daraja lifunguliwe Juni 2025 unavuka kabla wimbo wa pili haujaanza. Hakuna anayelalamika, ila tunataja.

19. Kurushiana albamu ni halali?

Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki ya kunakili na kusambaza ni ya mwenye kazi. Kunakili albamu ya mtu na kuigawa kwenye kundi la watu mia mbili bila ridhaa yake si kupendekeza, ni kusambaza. Kumtumia mtu kiungo, kumpa CD yako aisikilize airudishe, au kukaa naye mkisikiliza pamoja, hakuna anayekudai kitu.

Ukipiga muziki kwenye baa, saluni au ukumbi ni jambo jingine kabisa, linahitaji leseni. COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ndio wa kuwauliza.

20. Je, nikimwazima mtu CD au kaseti?

Andika jina lako ndani ya jalada, siyo juu yake. Jalada la juu huwa linapotea kwanza.

## Kona ngumu

21. Nimempa albamu ninayoipenda kuliko zote, akasema haimfai. Imeniuma.

Pole. Inauma kwa sababu hukumpa albamu tu, ulimpa na kipande cha miaka yako. Yeye hakukisikia hicho kipande, kwa kuwa hakimo kwenye nyimbo.

Muulize alifika wapi. Akisema aliishia wimbo wa pili, basi tatizo linaweza kuwa mahali pa kuingilia, mpe wimbo mwingine wa katikati. Akisema ameimaliza mara mbili na bado, hapo mshukuru. Mtu aliyekupa dakika 90 zake kwa kitu asichokipenda amekuheshimu vya kutosha. Usimwambie "utaielewa ukikua".

22. Anasema ameisikiliza lakini najua hajaisikiliza.

Dalili ni "nzuri, nzuri sana, yote nzuri". Usimtege kwa maswali kama mwalimu wa mtihani. Mwachie. Au mwalike msikilize pamoja wimbo mmoja tu, jioni, bila kumkumbusha alichosema.

23. Albamu ina maneno makali. Naipigaje mbele ya watoto au wakwe?

Huipigi. Mbele ya wakwe sikiliza mwenyewe kwanza yote, kwa sababu wimbo mmoja tu wa tisa unatosha kukuharibia sebule. Kuna nyimbo zenye ujumbe mzito kabisa ambazo bado zinahitaji kuchaguliwa mahali: Mambo kwa Soksi wa Remmy ulihimiza kinga wakati wa UKIMWI, na redio ilikataa kuupiga. Leo unasikika wa kawaida, lakini hutaki kuwa wewe unayeufafanua mbele ya mama mkwe.

24. Wazee kwenye kundi wanasema muziki wa sasa hauna kitu. Vijana wananuna.

Ya kale ni dhahabu, tunakubali, ila wazee wanasahau kwamba wao walishachujiwa. Nyimbo mbovu za mwaka 1975 zilikuwepo, hakuna aliyezitunza. Vijana wanasikiliza mwaka wao wakiwa ndani yake, na takataka zake zote.

Tunachofanya ni kubadilishana kwa zamu: mzee anampa kijana moja, kijana anampa mzee moja, na kila mmoja lazima ataje kitu kimoja alichokisikia (swali la 6). Ugomvi haujaisha. Umekuwa na mifano tu, na umekuwa mtamu zaidi.

25. Msanii amefanya jambo baya. Niendelee kuipendekeza albamu yake?

Hapa hatuna sauti moja. Wengine wameacha kabisa, wengine wanatenganisha mtu na kazi. Tunachokubaliana ni kwamba unayempa aambiwe kabla, aamue mwenyewe.

26. Rafiki yangu amefiwa. Nimpe albamu ya kumfariji?

Usimpe sasa. Msibani watu wanahitaji mtu wa kuchota maji na kupokea wageni. Muziki ataupata mwenyewe, na unaweza kushangaa ni upi. Baadaye, miezi ikipita, akikuuliza "una kitu cha kusikiliza?", mpe kitu kisicho na maneno mengi. Epuka albamu aliyoipenda marehemu mpaka yeye aitaje.

27. Nina boksi la kaseti za marehemu baba. Nataka ndugu zangu nao wasikie. Nianze wapi?

Usianze kwa kuzipiga. Kaseti iliyolala miaka na joto na unyevu wa ziwa, utepe wake unagandana, na deki chafu itaumeza. Iangalie kwenye mwanga: ukiona ukungu mweupe kwenye utepe, itenge. Kama ni safi, ingiza kalamu ya risasi kwenye tundu uzungushe taratibu kuona inatembea. Kisha safisha kichwa cha deki kwa pamba na spiriti, jaribu kwanza kwa kaseti usiyoijali, halafu ya baba ipeleke mbele mpaka mwisho na kuirudisha kabla ya kuipiga.

Kuihamisha, tumia waya kutoka tundu la hedifoni la deki kwenda kwenye tundu la kuingizia sauti la kompyuta. Rekodi upande mzima kama faili moja, bila kusimamisha. Kaseti ya 90 itachukua dakika 45 kila upande na hakuna njia ya mkato. Kukata nyimbo na kuzipa namba (swali la 17) kunafanyika baadaye.

Usikate sauti zisizo muziki. Kaseti nyingi za nyumbani zilirekodiwa redioni, na katikati kuna mtangazaji akisoma salamu za wasikilizaji, au mtoto akigonga mlango, au baba mwenyewe akisema "subiri, narekodi". Ndugu zako watarudia hapo kuliko nyimbo. Piga picha jalada na mwandiko wake, hata kama ameandika vibaya jina la bendi, na uitume pamoja na faili.